Mtutu wa kromu nao unataka maji

Askari mpya akikabidhiwa SMG huambiwa mambo mawili hata kabla hajajua kuifungua: bunduki hii haikwami, na mtutu wake haushiki kutu. La kwanza lina ukweli mwingi. La pili lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonipa kazi miaka yote niliyotunza ghala la silaha kwenye kituo cha askari wa wanyamapori huku mwambao, mahali ambapo upepo wa bahari unaingia hadi kwenye tundu la kufuli na misumari ya bati inaoza kabla ya bati lenyewe.

Kwa msomaji aliyezijua silaha kwa kuzisikia tu kwenye taarifa ya habari: ile ambayo polisi wetu huiita SMG ni ya ukoo wa AK, na kwetu nyingi ni za Kichina, Type 56. SAR, nyingine iliyo kwenye maghala yetu, ni SKS, kazi ya Mrusi Simonov, ambayo nayo Wachina waliitengeneza kwa wingi. Zote mbili hula risasi ya aina moja, 7.62 kwa 39, na kwa kawaida zote mbili zimepakwa kromu ndani ya mtutu. Kwenye rafu hiyohiyo tulikuwa na .375 na .458, bunduki za kushughulikia tembo na nyati waliovamia mashamba, ambazo mitutu yake ni chuma kitupu. Ukikaa na makundi haya mawili chini ya paa moja, kwenye hewa moja ya chumvi, huhitaji mwalimu wa kukuonyesha kromu inasaidia wapi na inakuacha wapi.

Kromu hiyo haikupakwa kwa brashi. Mtutu huchongwa upana uliozidi kidogo ule unaotakiwa, kisha huzamishwa kwenye maji ya asidi ya kromiki na kupitishiwa umeme, na kromu hujibandika kwenye ukuta wa ndani, utando ambao unene wake unahesabika kwa sehemu za mia za milimita. Mwembamba hivyo, lakini ni mgumu kuliko chuma kilicho chini yake. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 na kitu; kromu inangoja hadi 1,900. Gesi ya baruti inapolipuka mbele ya chemba, kile chumba inamokaa risasi kabla ya kupigwa, hupita nyuzi 2,000, kwa muda mfupi mno, tena na tena, na pale shingoni, risasi inapoanza kuuma mikato ya mtutu, ile mifereji inayoizungusha, ndipo bunduki isiyo na kromu huliwa kwanza. Ndiyo maana SMG hupiga maelfu ya risasi na bado inalenga kwa kiwango cha kazi yake.

Wajapani ndio waliotangulia kuipa bunduki ya askari wa kawaida mtutu wa kromu, kwenye Type 99 ya mwaka 1939, na vita vilipowaelemea wakaacha kuipaka ili kuokoa muda na mali. Warusi wakaishika kwenye AK na hawakuiachia. Wayugoslavia, kwa upande wao, waliunda M70 yao kwa mfano uleule wa AK lakini kwa miaka mingi mtutu haukuwa na kromu; ukikutana nayo ukaiosha kwa mazoea ya SMG ya Kichina, utakuta imekugeukia.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Wamarekani. Walipoingia Vietnam na M16 katikati ya miaka ya 1960, habari iliyowafikia askari ilikuwa kwamba bunduki hii ni ya kisasa kiasi kwamba haitaki usafi mwingi. Vifaa vya kusafishia vikawa haba. Chemba ilikuwa chuma kitupu. Katikati ya hayo baruti ikabadilishwa, ikaja nyingine iliyoacha masizi zaidi na kuongeza kasi ya bunduki kujipakia. Kwenye unyevu wa mashamba ya mpunga chemba zikashika kutu, maganda yakang'ang'ania humo, na askari akabaki kusukuma ganda kwa fimbo kupitia mdomo wa mtutu huku adui anampiga. Barua za askari zikafika nyumbani, kisha bungeni, na mwaka 1967 kamati ndogo iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ikatoa ripoti kali. M16A1 ikaja na chemba ya kromu, baadaye mtutu mzima. Lakini wanaosimulia kisa hiki mara nyingi huishia hapo, kwenye kromu, wakati nusu ya dawa ilikuwa vifaa vya kusafishia, mafundisho ya kuvitumia, na baadaye kitako chenye nafasi ya kuvihifadhi. Kromu ilikuja pamoja na kitambaa na brashi. Haikuja badala yake.

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Madini haya ya kromu yalikuwa yakichimbwa kwa wingi Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Umoja wa Mataifa ulipoiwekea serikali ya Ian Smith vikwazo, Marekani ikajikuta inanunua kromu nyingi kutoka kwa hasimu wake, Urusi ya Kisovieti, hadi bunge lake likapitisha sheria mwaka 1971 iliyofungua tena mlango wa kromu ya Rhodesia, vikwazo au hakuna vikwazo. Sheria hiyo ilifutwa 1977. Na wakati huohuo, kwenye kambi ya Mgagao kule Iringa, wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la Zimbabwe, walikuwa wakifunzwa vita kwa silaha za Kichina. Wapigania uhuru wa nchi ya kromu, mikononi wameshika mitutu ya kromu. Sehemu kubwa ya madini hayo huenda kwenye chuma kisichoshika kutu, vijiko na matangi ya maziwa. Cha mitutu ni kiduchu. Haya, turudi ghalani.

Adui mkuu wa mtutu ni chumvi inayotoka kwenye fataki, yaani kile kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa risasi. Baruti inalaumiwa zaidi ya stahili yake. Risasi nyingi za kijeshi za Kirusi na Kichina za enzi zile, ambazo bado zimejaa kwenye maghala ya Afrika, zina fataki yenye kloreti ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani, nayo hufanya kile ambacho chumvi hufanya kwenye kikopo cha jikoni wakati wa masika: inavuta maji hewani. Jeshi liliendelea na fataki hizo kwa sababu nzuri tu, zinakaa ghalani miaka na miaka bila kuharibika. Kama hujui kwa hakika risasi uliyopiga ni ya fataki gani, ihesabu kuwa ya chumvi.

Na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Hapa ndipo wengi, pamoja na maafande wenye nyota mabegani, wanapopotoka. Askari anatoka doria amepiga risasi kadhaa, anafika kituoni usiku, anachovya kitambaa kwenye mafuta, anakipitisha mara mbili, kinatoka cheusi, anapitisha kingine, kinatoka cheupe, anaridhika. Masizi yametoka. Chumvi imebaki palepale, safari hii imefunikwa blanketi la mafuta, na unyevu unalipenya hilo blanketi bila taabu.

Kinachotoa chumvi ni maji. Maji ya moto yakipatikana, ya uvuguvugu yasipopatikana, na tone la sabuni si dhambi. Babu zetu waliotumikia KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, walilijua hili kuliko sisi, kwa sababu bunduki yao ya Lee-Enfield haikuwa na kromu hata chembe: maji yanayochemka yakamiminwa kwa faneli kutokea nyuma, upande wa chemba, yakatoka mdomoni, na moto wa chuma ukakausha mtutu wenyewe. Kisha kamba yenye uzito wa shaba na kipande cha flaneli, kisha mafuta. Warusi walikuwa na mchanganyiko wao wa kikosini: lita moja ya maji, gramu 200 za kaboneti ya amonia na gramu 3 hadi 5 za dikromati ya potasiamu, haukai zaidi ya siku saba. Usiutengeneze. Dikromati ni sumu ya kutisha, na kazi kubwa kwenye chumvi inafanywa na yale maji.

Lakini maji yapi? Swali hili mtu wa nyanda za juu hawezi kulielewa haraka. Kisima cha kituoni kwetu kilikuwa na maji ya chumvi, ya kuoshea vyombo kwa shida na kunywa kwa dharura. Vijana walikuwa wakisikia "osha kwa maji", wanateka kisimani, wanaosha bunduki vizuri kabisa, chumvi ya fataki inatoka na chumvi ya ardhi inaingia. Niliweka ndoo ya maji ya mvua yenye mfuniko ndani ya ghala na kuandika juu yake kwa rangi nyekundu SILAHA TU. Wapo waliokuja kuyachota kwa ajili ya chai. Kuna vita huwezi kushinda.

Tuje kwenye bunduki yenyewe. Magazini nje kwanza, halafu koki, halafu tazama chemba kwa jicho na uingize kidole. Mpangilio huu haugeuzwi: ukikoki kabla ya kutoa magazini umeipakia wewe mwenyewe, kisha unaanza kuisafisha. Halafu kifuniko cha juu, springi, kibeba bolti, bolti yenyewe inayofunga nyuma ya risasi, na mwisho bomba la gesi. Yote mezani. Weka vipande kwenye kitambaa kwa mpangilio ulivyovitoa.

Sasa mtutu huu wa kromu, ukiuinua kwenye mwanga baada ya kupiga, unang'aa. Unang'aa ukiwa mchafu, unang'aa ukiwa safi, unang'aa ukiwa na chumvi. Kwenye .375 macho yanakusaidia, chuma kitupu hupiga weusi na baadaye wekundu, unaona. Kromu inakudanganya kwa tabasamu. Na si kwamba utando ule ni mzima kama kioo: kromu ngumu ina nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kadiri bunduki inavyopiga na kuchemka, hasa pale shingoni, nyufa hupanuka, gesi na chumvi hufika kwenye chuma, na siku moja kipande cha kromu kinabanduka kutokea chini. Ukishaona vidoa kama vya ndui mbele ya chemba, hakuna mafuta yatakayovirudisha.

Hata hivyo sijawahi kuogopa sana kilicho ndani ya mtutu. Naogopa vilivyo jirani yake ambavyo havikupakwa chochote. Gesi inayosukuma bolti inapita kwenye tundu dogo lililotobolewa juu ya mtutu, inaingia kwenye kizingiti cha gesi, inapiga pistoni, inajaza bomba. Chumvi inakwenda nayo kote huko. Pistoni ya SMG imepakwa kromu. Bomba lake halijapakwa, wala ukuta wa kile kizingiti. Uso wa bolti unaopokea kitako cha risasi ndio uko karibu zaidi na fataki. Mdomo wa mtutu, ile pete ya mwisho inayoiaga risasi, ni chuma kilichochongwa, na kama una nati, nyuzi zilizo chini ya nati zinashika chumvi kimyakimya. Nimefungua SMG ambayo mtutu wake ungeweza kujitazama ndani na kuchana nywele, na bomba lake la gesi ndani lilikuwa na magamba ya kutu kama mkebe uliookotwa ufukweni. Mwenye silaha akaapa anaisafisha kila wiki. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa anasafisha mtutu.

Kwa hiyo maji hayapiti mtutuni tu. Bomba la gesi linazamishwa zima kwenye ndoo, linasuguliwa kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye kijiti. Pistoni, uso wa bolti, tundu la gesi, vyote vinapata maji. Kisha vinakaushwa, na kukausha si kupangusa: weka juani juu ya bati dakika chache, jua letu ni la bure. Kwenye kona ya kizingiti cha gesi maji hujificha, puliza kwa mdomo mpaka usione unyevu.

Kuna kitu kwenye SAR ambacho ningependa kila mwenye kuibeba akijue, maana kinahusu uhai wa aliye mbele yake. Kijana mmoja aliniletea yake baada ya likizo ndefu, ilikuwa imekaa pembeni ya ghala imepakwa grisi nzito ya kuhifadhia. Ameifuta nje, imependeza.

"Afande, hii iko tayari."

Nikamwambia aitoe bolti anipe. Nikaishika kati ya vidole karibu na sikio, nikaitikisa. Kimya.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, afande."

"Basi hiyo haiko tayari."

Pini inayogonga fataki kwenye SAR nyingi haina springi ya kuirudisha nyuma. Inaelea tu ndani ya bolti, na ukiitikisa lazima isikike ikicheza, kachakacha, kama kokwa kavu ndani ya ganda. Grisi ikiganda humo, au kutu ikaishika, pini inakwama imechomoza mbele. Hapo bolti inapofunga juu ya risasi mpya, fataki inagongwa bila kidole kugusa kichocheo, na risasi ya pili inaweza kufuata ya kwanza mpaka magazini iishe. Tuliichovya ile bolti kwenye mafuta ya taa, tukaitikisa, tukaichovya tena, na grisi ikatoka rangi ya asali iliyochoma. Iliposikika nikampa aitikise mwenyewe. Tundu la pini hilo huachwa kavu. Mafuta hayaingii humo hata tone.

Upande wa pili wa uvivu kuna bidii isiyo na akili, na sijui ipi imeharibu bunduki nyingi zaidi. Fimbo ya kusafishia ya SMG ni ya chuma na inakaa chini ya mtutu. Kwa jinsi mwili wa bunduki ulivyojengwa, huwezi kuiingiza kutokea nyuma; sharti ipite mdomoni. Kila ikiingia kwa haraka inakwaruza ile pete ya mwisho, upande mmoja zaidi ya mwingine, na pete ikishalika upande mmoja gesi inaisukuma risasi pembeni wakati inatoka. Ndiyo maana kwenye kitako cha mbao kuna kile kikopo cha vifaa, na kifuniko chake kina tundu: kinavikwa mdomoni, fimbo inapita katikati bila kugusa ukuta, na kikopo chenyewe kinakuwa mpini. Waliobuni walifikiria. Sasa uliza vikopo vingapi viko mahali pake. Vimekuwa vya kuwekea ugoro.

Mimi ninapendelea kamba. Unaitumbukiza kutokea chemba, unaivuta itokee mdomoni, uchafu unatoka njia ileile risasi inayotoka, na hakuna chuma kinachosugua chuma. Brashi iwe ya manyoya au ya shaba. Ya chuma iache kwa wanaosugua malori. Ukishaingiza brashi isukume hadi itokee, usiigeuze katikati. Kromu ina fadhila hapa: uso wake unateleza, uchafu haung'ang'anii, shaba ya risasi haijibandiki kama kwenye chuma kitupu. Dakika chache zinatosha. Anayesugua saa nzima mpaka kitambaa kitoke kama shuka ya harusi anajifurahisha, na mara nyingi ni kwa sababu kesho kuna ukaguzi.

Baada ya maji na jua ndipo mafuta, na kiasi chake ni kidogo kuliko unavyodhani. Njia mbili ambamo kibeba bolti hupita, tone tone. Ile mbavu ya bolti inayozunguka na kufunga. Uso wa nyundo, pini za kichocheo, springi kwa utando tu wa kidole kilichopaka mafuta. Nje yote ya chuma, utando mwembamba, na kwa sisi wa pwani utando huo unarudiwa mara nyingi kuliko kwa wenzetu wa bara, kwa sababu jasho la mkono na upepo wa chumvi vinaula. Bomba la gesi na pistoni, kavu. Mafuta pale yanaungua yanakuwa lami. Magazini ndani, kavu. Yanashika mchanga, na mafuta yakijipenyeza kwenye risasi yanaweza kuua fataki. Chemba, kavu kabisa kabla ya kupiga: ganda la risasi linatakiwa liushike ukuta wa chemba kidogo linapopanuka, na chemba ikiwa na mafuta mzigo wote unarudi kwenye bolti. Mtutu, utando mwembamba kwa ajili ya kulala ghalani, na kitambaa kikavu kabla ya kutoka nao.

Wenzangu waliohamia kanda ya kati wakati wa kiangazi waliniambia wanapunguza hata hayo niliyotaja. Vumbi lile jekundu likikutana na mafuta linakuwa msasa. Sikubishana nao.

Kuhusu mafuta ya aina gani, nimeona kila kitu. Mafuta ya bunduki yenyewe yakipatikana, vizuri. Mafuta ya cherehani yanafaa, mepesi na safi. Oili mpya ya injini inafaa, ya kuazima kwa dereva. Oili chafu, ile tunayopaka nguzo ili mchwa wasile, haifai: ina asidi na unga wa chuma ndani yake, unapaka ugonjwa. Mafuta ya taa yanaosha lakini hayalindi. Yakikauka chuma kinabaki uchi kuliko mwanzo. Mafuta ya kula yanaganda yakawa gundi baada ya wiki chache. Na mafuta ya nazi, ambayo kwetu hapa yapo kila nyumba, yanaonekana mazuri kabisa kwenye joto la pwani, mpaka silaha ipelekwe nyanda za juu. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Usiku mmoja Makete, na bolti inatembea kama iliyotoka kuamshwa.

Jambo la matambara mdomoni lazima niliseme kwa sauti. Kuna tabia ya kuziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa ili mvua isiingie, imerithiwa vizazi na vizazi. Kitambaa kile kinanyonya unyevu na kuushikilia pale pale kwenye pete ya mwisho, mahali pasipo na kromu. Hilo ni dogo. Kubwa ni usiku ule askari anaposhtuliwa na nyati, anasahau kitambaa, anapiga. Mtutu uliozibwa hutuna au hupasuka, kromu au si kromu. Beba silaha mdomo ukiangalia chini kwenye mvua, inatosha. Na silaha isilale ndani ya mfuko wa turubai au blanketi: iwe wazi kwenye rafu ya mbao, hewa ipite, mbao isiguse ukuta wa zege unaotoka jasho.

Kisha rudi kesho. Mafunzo ya Kirusi ya AK yalitaka silaha iliyopiga isafishwe mara moja, na halafu kila siku kwa siku tatu au nne zinazofuata, na wengi hudhani hiyo ilikuwa adhabu ya jeshi tu. Ni zile nyufa. Chumvi iliyojificha humo haitoki yote kwa maji ya kwanza. Inatoka taratibu ikivuta unyevu. Pitisha kitambaa cheupe kikavu asubuhi ya pili, pitisha kingine kwenye bomba la gesi. Kikitoka na rangi ya kijivu, ni masizi, futa upake mafuta. Kikitoka na hudhurungi hata kidogo tu, hata kama mtutu unang'aa kama sahani mpya, achana na mafuta, urudi kwenye ndoo.